Kusoma bahari za ncha kwa vijidudu: mwongozo kamili, kutoka chupa ya maji hadi jibu

Siku ya kwanza nilipopitisha maji ya Aktiki kwenye mashine ya kuhesabu seli, nilidhani nimeiharibu. Kona ya chini kushoto ya skrini, pale ambapo maji ya kwetu pwani huonyesha wingu zito la Prochlorococcus, palikuwa patupu. Nikaosha mirija, nikarudia, nikapata utupu uleule. Fundi mwenzangu akacheka, akaniambia niache kuihangaisha mashine ya watu. Bakteria huyo ni wa bahari za joto. Ukishavuka takriban nyuzi 40 za latitudo, kaskazini au kusini, anaanza kupotea. Sisi tulikuwa nyuzi 79.

Kwa hiyo mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imeniambia niko wapi, na maji yale yana tabia gani, kabla sijashika kipimajoto. Kazi yote ninayoieleza hapa imejengwa juu ya jambo hilo: nani yupo majini, nani hayupo, na kwa nini.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sayansi ya bahari, fundi wa maabara, au yeyote aliyepata nafasi kwenye meli ya utafiti na hataki kurudi na friza lililojaa vichujio visivyosema kitu. Sehemu ya mwisho ni ya asiyepanda meli kabisa. Nitatumia zaidi mlangobahari wa Fram, kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard, kwa sababu pale bahari mbili zinapishana kama magari barabarani. Upande wa mashariki mkondo wa Spitsbergen Magharibi unapeleka kaskazini maji ya Atlantiki, yenye joto na chumvi nyingi. Upande wa magharibi mkondo wa Greenland Mashariki unashusha kusini maji baridi, yenye chumvi kidogo, pamoja na barafu yake. Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani imekuwa ikichunguza eneo hilo tangu 1999 kwenye vituo inavyoviita HAUSGARTEN, vingine vikiwa na kina cha zaidi ya mita 5,000.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kugusa chupa

Watu wengi huanza na maji, halafu wanatafuta swali. Usifanye hivyo. Kila swali lina shahidi wake, na shahidi mmoja hajibu kila kitu.

Ukitaka kujua kama maji ya Atlantiki yamefika, mtafute Synechococcus, bakteria mdogo mwenye rangi ya machungwa akipigwa mwanga, pamoja na Emiliania huxleyi, mwani uliojivika vibao vya chokaa. Mwani huo ukijaa katika Bahari ya Barents wakati wa kiangazi, maji hugeuka rangi ya feruzi iliyochanganywa na maziwa, na setilaiti huyaona vizuri. (Wataalamu wa majina siku hizi wanauita Gephyrocapsa huxleyi. Tafuta majina yote mawili, la sivyo utakosa nusu ya data.)

Ukitaka kujua kama tabaka la juu limejaa maji matamu ya barafu iliyoyeyuka na mito, angalia ukubwa wa mwani. Katika bonde la Kanada, sehemu ya Bahari ya Aktiki, vipimo vya 2004 hadi 2008 vilionyesha mwani mdogo kabisa, wa chini ya maikromita 2, ukiongezeka huku ule mkubwa kidogo ukipungua. Sababu yake ni rahisi. Maji matamu hukaa juu kama mafuta kwenye mchuzi, hayachanganyiki na ya chini, na mbolea ya asili haipandi. Seli ndogo hulishika haraka lile dogo lililopo, kubwa inabaki na njaa. Mhusika mkuu huko ni Micromonas polaris.

Swali la barafu lina mashahidi wazuri zaidi: Nitzschia frigida, Fragilariopsis cylindrus, na Melosira arctica, daiatomu (mwani wenye ganda la kioo) inayoning'inia chini ya barafu kwa nyuzi ndefu kama mashungi. Katika rasi ya Antaktiki ya Magharibi, maji ya barafu za nchi kavu yakimiminika baharini, daiatomu hupungua na kriptofaiti, mwani mdogo wenye mikia miwili, huchukua nafasi. Nako kwenye Bahari ya Ross ugomvi ni kati ya daiatomu na mwani mwingine, Phaeocystis antarctica. Maji yakichanganyika hadi kina kirefu, Phaeocystis hutamba; yakitulia katika tabaka jembamba la juu, daiatomu hushinda.

Mafuta yaliyomwagika yana walaji wake: Oleispira, Colwellia, Cycloclasticus. Oleispira antarctica alielezwa kwa mara ya kwanza kutoka maji ya Antaktiki, na yeye hula hidrokaboni kwenye baridi ambayo bakteria wengine wa kazi hiyo huzubaa.

Wakati mwingine swali halihusu nani yupo bali ana hali gani. Bahari ya Kusini ina upungufu wa chuma. Daiatomu ikikosa chuma huacha kutumia feredoksini, protini inayohitaji madini hayo, na kutengeneza flavodoksini isiyoyahitaji. Jina la daiatomu linabaki lilelile, lakini kilichomo ndani kinakwambia ina njaa ya nini. Ukilitaka jibu la namna hiyo, DNA haitakutosha. Utahitaji RNA (nakala za jeni ambazo seli inazitumia wakati huo) au protini, na hilo linabadilisha namna unavyohifadhi sampuli tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana swali linatangulia.

Hatua ya pili: yajue maji kabla ya wakazi wake

Kifaa cha CTD hupima uwezo wa maji kupitisha umeme (hapo ndipo tunapata chumvi), halijoto na kina. Hufungwa kwenye fremu ya duara yenye chupa, mara nyingi 24, na winchi huishusha yote. Usifunge chupa yoyote wakati inashuka. Soma kwanza mchoro unaochorwa kwenye skrini, amua kina unachokitaka, kisha funga chupa wakati fremu inapanda.

Kwa mlangobahari wa Fram, maji yenye chumvi karibu 35 (gramu kwa kila kilo ya maji) na joto zaidi ya nyuzi 2 ni ya Atlantiki. Maji yenye chumvi chini ya 34 na joto chini ya sifuri yametoka Aktiki. Kumbuka maji ya bahari huganda kwenye takriban nyuzi -1.8, kwa hiyo "chini ya sifuri" si kosa la kifaa. Mimi huchukua vina visivyopungua vinne: juu, pale klorofili inapofikia kilele, chini kidogo ya mpaka wa matabaka, na kina kirefu cha kulinganishia. Kilele cha klorofili mara nyingi hakiko juu kabisa, na anayechota kwa ndoo tu hukikosa.

Kabla fremu haijagusa maji, uliza daraja la meli kama kuna maji machafu yanayomwagwa, na upande upi. Bakteria wa tumboni mwa mabaharia hawana la kutuambia kuhusu Aktiki.

Chupa zikifika sitahani, anza na wapimaji wa gesi, maana oksijeni haisubiri. Halafu wewe. Glavu mkononi, suuza kopo lako mara tatu kwa maji ya chupa ileile, jaza, ingia ndani. Upepo wa nyuzi -15 unagandisha bomba la chupa huku umelishika.

Hatua ya tatu: kuchuja, na habari ya lebo

Kwa DNA ya bakteria, pitisha lita 2 hadi 4 kwenye kichujio chenye matundu ya maikromita 0.22. Wengi hutanguliza kichujio cha maikromita 3 ili kutenganisha wanaoelea peke yao na wanaoishi juu ya chembe au ndani ya mwani. Ni makundi mawili yenye tabia tofauti, na ukiwachanganya mwanzoni hutawatenganisha tena. Pampu isizidi milibari 200. Mwani una ukuta laini. Ukiuvuta kwa nguvu unapasuka na yaliyomo yanapita kichujio. Jitahidi kumaliza ndani ya saa moja au mbili.

Kichujio kikiziba baada ya mililita 300 tu, usikasirike. Andika muda na ujazo. Maji yanayoziba hivyo aghalabu yana Phaeocystis, ambao huishi kwa maelfu ndani ya mpira wa ute. Utahisi utelezi kwenye vidole, na utasikia harufu ile kali ya bahari inayotokana na gesi ya salfa ya mwani. Umepata kiashiria chako cha kwanza bila kifaa chochote. Mimi hufungua ukurasa maalum wa daftari kwa mambo kama hayo: rangi ya kichujio, harufu, muda wa kuchuja. Mara mbili ukurasa huo umeniokoa pale data za DNA zilipogoma kueleweka.

Sasa lebo. Katika safari yangu ya pili niliandika namba kwa kalamu ya wino juu ya utepe wa karatasi, nikaubandika kwenye mirija, nikaitumbukiza kwenye nitrojeni kimiminika yenye nyuzi -196. Gundi ikakauka kama ganda la kitunguu. Nilipofungua kontena nilikuta mirija 14 mitupu kwa nje na tepe 14 chini, zimelala kama majani makavu. Wiki mbili za baridi zikaenda hivyo, na hakuna wa kumlaumu ila mimi. Tangu siku hiyo natumia lebo za kugandishwa zilizochapwa, naandika namba pia kwa penseli kwenye kipande cha karatasi isiyolowa, na kwa pombekali pembeni nahakikisha wino haufutiki. Kisha naorodhesha nafasi ya kila mrija kwenye boksi, kwa mkono, kwenye daftari.

Vichujio vikishagandishwa, vihamishie friza la nyuzi -80. Na kila siku ya kazi pitisha maji safi ya maabara kwenye mfumo uleule, ujazo uleule, na uhifadhi kichujio hicho kama sampuli nyingine. Hiyo ndiyo sampuli tupu. Wageni huiona kama upotevu wa kichujio. Subiri tufike kwenye DNA.

Hatua ya nne: barafu si maji yaliyolala

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barafu ya bahari haina chumvi ndani ya fuwele zake. Chumvi hufukuzwa na kukusanyika kwenye mifereji myembamba ya maji makali, na humo ndimo daiatomu na bakteria wanaishi. Barafu ikiwa na nyuzi -10, maji ya mifereji hiyo huwa na chumvi zaidi ya mara nne ya bahari. Ukiichukua barafu hiyo ukaiweka kwenye ndoo iyeyuke yenyewe, unapata maji yenye chumvi kidogo sana, labda 5. Seli iliyozoea ukali ule inavimba na kupasuka. Unahesabu maiti, tena zile tu ambazo hazikusambaratika.

Fanya hivi. Toboa kwa keekee ya bomba la kipenyo cha sentimita 9. Nguzo ya barafu ikitoka, ilaze kwenye kibao chenye mfereji na upime joto mara moja: tundu dogo kila sentimita 10, ingiza kipimajoto, andika. Ukichelewa dakika chache unapima hewa. Geuza nguzo utazame chini yake. Ikiwa na utepe wa kahawia kama chai ya rangi, hao ndio mwani wa barafu, na wengi wako kwenye sentimita chache za mwisho. Kata sentimita 10 za chini kwa msumeno safi, weka kwenye mfuko safi, mbali na jua.

Maabarani, ongeza maji ya bahari yaliyochujwa kwa maikromita 0.22, mililita 100 kwa kila sentimita ya nguzo, na uiache iyeyuke gizani kwenye nyuzi 4 hivi. Ikishayeyuka, chuja mara moja. Halafu rekebisha hesabu. Kipande cha sentimita 10 chenye kipenyo cha sentimita 9 hutoa takriban lita 0.58 za maji. Umeongeza lita 1. Jumla ni lita 1.58, kwa hiyo kila idadi unayoipata uizidishe na 2.7. Nimesoma majedwali ya watu waliosahau kuzidisha, na barafu yao ikaonekana jangwa.

Jambo moja la usalama: Svalbard haina utani na dubu. Mtu mmoja kwenye timu hafanyi sayansi siku hiyo. Anasimama na bunduki, amewapa mgongo, anatazama upeo. Zamu ikiwa yako, usichungulie nguzo ya barafu hata kama imetoka nzuri.

Hatua ya tano: tazama na uhesabu

Nitapita haraka, kwa kuwa maabara nyingi zina taratibu zake. Klorofili: kichujio cha nyuzi za kioo, asetoni ya asilimia 90, usiku kucha gizani na kwenye baridi, kisha fluorimita, kifaa cha kupima mng'ao wake. Mashine ya kuhesabu seli: mililita moja au mbili, glutaraldehidi kidogo ya kuhifadhi seli, dakika 10, kisha nitrojeni. Hadubini: chupa ya mililita 100 hadi 250, tia lugoli (dawa ya iodini) hadi ifanane na chai nyepesi, acha itulie siku nzima kwenye chemba ya kuhesabia.

Ila angalia: lugoli yenye asidi huyeyusha vibao vya chokaa. Ukimtafuta Emiliania huxleyi kwa lugoli hiyo, umemvua nguo zinazomtambulisha. Weka chupa ya pili yenye formalini isiyo na asidi.

Usiruke hadubini kwa sababu una DNA. Fragilariopsis cylindrus hujipanga ubavu kwa ubavu kama meno ya kitana. Melosira ni shanga zilizotungwa. Ukiwaona wakiwa na rangi ya dhahabu ndani, walikuwa hai. Ukiona maganda matupu ya kioo, msimu wao umeisha. DNA haikupi tofauti hiyo kirahisi.

Hatua ya sita: DNA, na uongo wa asilimia

Kwa bakteria na arkea (vijidudu wanaofanana nao kwa umbo, ila ni ukoo mwingine) husomwa jeni ya 16S, kwa mwani na wanyama wa seli moja 18S. Matokeo hulinganishwa na hazina ya SILVA, na kwa 18S hazina ya PR2 ni nzuri zaidi. Programu ya DADA2, inayofanya kazi ndani ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, itasafisha makosa ya usomaji na kukupa orodha ya mifuatano pamoja na idadi yake.

Hapo ndipo uongo unapoanza. Mashine haikupi idadi ya seli, inakupa mgawanyo. Tuseme Aprili maji yana bakteria 400,000 kwa mililita na Polaribacter ni asilimia 10. Juni maji yana 200,000 na Polaribacter ni asilimia 20. Mchoro wako utaonyesha wameongezeka maradufu. Piga hesabu: 40,000 mara zote mbili. Hawakuongezeka hata kidogo. Wenzao ndio waliopungua. Kwa hiyo zidisha asilimia kwa idadi kutoka hatua ya tano, au utie kiasi kinachojulikana cha DNA ya kigeni kabla ya kuanza kutoa DNA kwenye seli, uitumie kama jiwe la mizani.

Uongo wa pili ni nakala. Dainoflagelati, kundi la viumbe wa seli moja, wana nakala nyingi mno za 18S kwenye seli moja, wakati Micromonas ana chache. Seli kumi za dainoflagelati zinaweza kumzidi kelele mwani mdogo aliyejaa majini. Linganisha jamii ileile kati ya kituo na kituo, usilinganishe jamii mbili ndani ya kituo kimoja.

Na sasa ile sampuli tupu. Ukikuta Cutibacterium, bakteria wa ngozi ya binadamu, kwenye maji ya kina cha mita 2,000, angalia sampuli tupu kabla ya kutangaza ugunduzi. Maji ya majira ya baridi yana uhai kidogo, na DNA ikiwa chache uchafu mdogo hugeuka mchango mkubwa.

Baada ya hapo soma mfuatano wa misimu. Polaribacter na wenzake hufuata mlipuko wa mwani, wakila sukari ndefu za seli zinazokufa. Wakiwa wengi, ujue karamu ya mwani iko kileleni au inaisha. SAR11, kundi la bakteria wadogo sana, ni mtu wa kuvumilia njaa, hutawala maji yaliyobaki bila lishe. Katika giza la baridi, arkea wanaooksidisha amonia hupanda juu kwa wingi, na jua likirudi hupungua. Sampuli mbili zikitofautiana kwa wiki tatu tu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya msimu na isiwe ya mabadiliko ya tabianchi hata kidogo.

Hatua ya saba: mwenyeji, abiria au maiti

Hii ndiyo hatua ninayoiona muhimu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Kwa kila kijidudu unachotaka kukifanya kiashiria, uliza: anaishi hapa, kaletwa na mkondo, au amebaki mwili tu?

Mfano ninaoupenda uko Svalbard, katika fiodi (ghuba ndefu nyembamba) ya Smeerenburg. Mashapo ya chini yako karibu na nyuzi sifuri mwaka mzima. Watafiti waliyapasha hadi nyuzi 50, na bakteria wapenda-joto wakaamka. Walikuwa mbegu zilizolala, zilizosafiri kutoka sehemu fulani ya moto chini ya sakafu ya bahari. Matokeo hayo yalichapishwa 2009. Mtu mwenye orodha ya DNA peke yake angeweza kuandika kwamba fiodi ina chemchemi za moto.

Synechococcus yuko kwenye fungu la katikati. Kumkuta magharibi mwa Svalbard kunathibitisha kwamba maji ya Atlantiki yamefika. Hakuthibitishi kwamba bahari imekuwa na joto la kutosha yeye kuzaliana huko. Ili kumpandisha cheo kutoka abiria hadi mwenyeji, unahitaji kuona RNA yake, au idadi yake ikipanda wakati chumvi na joto haviashirii maji mapya. Kwa hiyo mchore dhidi ya chumvi na joto. Akipanda na kushuka pamoja na maji ya Atlantiki, ni abiria mwaminifu, na abiria mwaminifu ni kiashiria kizuri cha gari alilopanda.

Maiti nayo inasema. Septemba 2012 barafu ya Aktiki ilipungua hadi karibu kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979. Kiangazi hicho meli ya Polarstern, kwa msafara ulioongozwa na mwanabiolojia wa bahari Antje Boetius, ilishusha kamera na kukuta mabonge ya Melosira arctica yametapakaa sakafuni, kina cha zaidi ya mita 4,000. Barafu iliyowabeba iliyeyuka, wakaanguka. Walichokuwa wanakiashiria kilikuwa juu yao, kilomita nne.

Na usiuze mwaka mmoja kwa bei ya muongo. Kati ya 2005 na 2007 maji ya joto yasiyo ya kawaida yalipita mlangobahari wa Fram. Daiatomu zikapungua na Phaeocystis pouchetii akachukua nafasi kubwa zaidi. Tunajua lilikuwa tukio lenye mwanzo na mwisho kwa sababu kulikuwa na miaka mingine ya kulinganisha.

Hatua ya nane: ukitaka ya zamani, chimba

Mashapo huhifadhi maganda ya daiatomu na mafuta yake. Kata tope lililochotwa kwa bomba kwa vipande vya sentimita moja. Antaktiki, Fragilariopsis curta na cylindrus zinaashiria barafu ya bahari, Fragilariopsis kerguelensis inaashiria bahari iliyo wazi. Aktiki kuna IP25, mafuta yenye kaboni 25 yanayotengenezwa na daiatomu chache za barafu. Simon Belt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waliyatambulisha 2007. Mtego wake ni mmoja: kukosekana kwa IP25 kuna maana mbili zinazopingana, ama hapakuwa na barafu kabisa, ama ilikuwa nene na ya kudumu kiasi kwamba mwanga haukupenya. Pima pia steroli (aina nyingine ya mafuta) za mwani wa maji wazi. Zikiwa nyingi, bahari ilikuwa wazi. Zikikosekana nazo, ilifunikwa.

Hatua ya tisa: bila meli

Nafasi za meli ni chache na viza zina hadithi zake. Lakini hazina ya PANGAEA inatoa bure joto, chumvi, klorofili na hesabu za seli za HAUSGARTEN, na za msafara wa MOSAiC, ambapo Polarstern ilielea na barafu kuanzia Oktoba 2019 hadi Septemba 2020. Mifuatano ya DNA iko kwenye hazina ya nyukleotidi ya Ulaya, ENA. Chuo Kikuu cha Bremen hutoa ramani ya barafu ya bahari kila siku. Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 inatosha kwa sampuli ishirini au thelathini. Pakua usiku, bando likiwa rahisi, na uhifadhi nakala mbili za kila faili mahali tofauti.

Zoezi la kuanzia: chukua vituo viwili vya mlangobahari wa Fram, kimoja mashariki, kimoja magharibi, mwaka mmoja, mwezi mmoja, kina kilekile. Chora joto na chumvi kwanza. Bila kuangalia DNA, andika kwenye karatasi unatarajia kumkuta nani wapi: Synechococcus, Phaeocystis, Micromonas, Fragilariopsis, Polaribacter. Kisha endesha DADA2 na ulinganishe. Utakosea sehemu fulani. Pale ulipokosea, rudi kwenye ramani ya barafu ya wiki mbili kabla ya tarehe ya sampuli, maana mara nyingi barafu ilipita na kuondoka, ikaacha wakazi wake. Na ukimkuta Prochlorococcus kwa wingi kwenye kituo cha magharibi, anza kwa kukagua lebo.